Ndugu Mgeni Rasmi

Ukitaka kuijua shule ya msingi ya Dar es Salaam, usingoje siku ya mtihani. Nenda siku ya mahafali. Jibanze nyuma kabisa, kule ambako kina mama wenye watoto wachanga wanagombania kivuli cha turubai, kisha sikiliza jinsi watoto wanavyosema na wakubwa. Nilijitolea kufundisha katika shule moja ya serikali upande wa Temeke, mwendo mfupi kutoka soko la Tandika, na katika yote niliyoyaona pale hakuna lililonishika zaidi ya sherehe za shule. Wengi huzichukulia kuwa burudani tu, za kupumzisha akili baada ya masomo. Mimi naamini ni somo lenyewe, na huenda ndilo ambalo shule zile zinalifundisha vizuri kuliko jingine lolote: mtoto asimame mbele ya mwenye madaraka, amsemeshe kwa adabu, amweleze ukweli wote bila kuupunguza.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilipomaliza ualimu nilikuta foleni ya kusubiri ajira ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali Kenya, ni ndefu, na wenzangu wengi wa darasa moja walikwisha kuingia kwenye bodaboda na mitumba. Kikundi cha vijana kikanipa nafasi ya kujitolea Tanzania. Nikapanda basi, tukavuka Lunga Lunga na Horohoro, tukapita Tanga, tukaingia Dar usiku. Habari za kibali cha ukaazi daraja C, kile cha wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea, nitazisimulia siku nyingine.

Kwa mtu wa pwani, Dar si ugenini hasa. Shikamoo naijua, pilau naijua, kanzu za Ijumaa nazijua, na jua la saa nane linalowafukuza watu barabarani ni lile lile la kwetu. Nilichokuwa sijapata kukiona ni shule inayoendeshwa kwa Kiswahili kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Kenya, Kiswahili ni somo. Kipindi chake kikiisha, sehemu kubwa ya siku ni Kiingereza. Tanzania, shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Nilikaa nyuma ya darasa la tano nikamsikia msichana mdogo akimweleza mwenzake kigawe kidogo cha shirika, mkono kiunoni, hana haraka, wala haogopi kukosea. Utulivu ule wa ulimi ndio ulionieleza baadaye kwa nini sherehe zao ziko vile zilivyo.

Siku inaanzia mstarini. Ringi ya gari imening'inizwa kwenye tawi la mwarobaini, kiranja anaigonga kwa kipande cha nondo, na uwanja unajaa mashati meupe. Mguu pande, mguu sawa. Mwalimu wa zamu anapita akikagua kucha na nywele, bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa. Muziki wake ni wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyeutunga mwaka 1897, na kila nilipousikia nilikumbuka kwamba wimbo wa taifa wa kwetu ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Jirani mmoja anaamka kwa sala, mwingine kwa bembelezi. Nilipenda sana kulifikiria hilo nikiwa nimesimama pale mchangani.

Asubuhi nyingine mstari unatanguliwa na mchakamchaka. Watoto wanakimbia kwa safu kuzunguka uwanja na vichochoro vya jirani, mmoja anaongoza, wengine wanaitikia "chinja!" Baadhi ya beti bado zinamtaja Idi Amin na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kutoka vinywani mwa watoto ambao wazazi wao wengi hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Kulikuwa na mzee fundi cherehani aliyefanyia kazi kwenye kibaraza njia wanayopita. Kila wakipita alisimama akaitikia nao. Nilimwamkia siku moja nikamwuliza habari zake, akaniambia alipokuwa darasa la nne walikimbia vilevile, kwa wimbo ule ule, isipokuwa enzi zao vita ilikuwa imeisha juzi tu.

Kalenda ya sherehe inajaa taratibu. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, ya kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976, na shule yetu iliiadhimisha kwa maandamano mafupi hadi ofisi ya kata, mabango mikononi. Kuna UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ambayo mtoto akichaguliwa mtaa mzima unajua. Kuna Mwenge wa Uhuru, uliowashwa mara ya kwanza juu ya Kilimanjaro Desemba 1961 na ambao hadi leo hukimbizwa nchi nzima. Ukipita wilayani kwenu, watoto wanapangwa kando ya barabara tangu alfajiri. Kuna 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Siku moja kabla yake mwalimu mkuu aliwakumbusha watoto mstarini kwamba mtu huyu aliitwa Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli: alifundisha Pugu, hapa hapa Dar, akaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Mvulana mmoja karibu yangu akanong'ona kwamba Pugu anaishi shangazi yake. Nadhani kuanzia siku ile Nyerere alikuwa mtu wa kweli kwake.

Lakini mahafali ya darasa la saba ndiyo sherehe mama.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika mapema Septemba, na shule nyingi hupanga mahafali karibu na hapo. Yetu ilipangwa kabla ya mtihani, jambo lililomkera sana mwalimu wa Hisabati. "Hawa wanasoma saa ngapi?" aliuliza kila siku ofisini, na hakuwa na kosa kuuliza, maana mazoezi yalikula saa nyingi za jioni. Mimi nilikuwa upande wa mazoezi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza ni kazi za mikono. Wakubwa wanapaka chokaa mawe ya kando ya njia, wadogo wanafagia uwanja kwa mifagio ya chelewa mpaka mchanga unabaki na mistari, madarasa yanapigwa deki. Mnamo Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule ziwe na mashamba na kazi, zisizalishe watu wanaodharau jembe. Mashamba yamekwisha katika shule nyingi za mjini, hakuna ardhi. Ufagio na dumu la maji vimebaki. Nimewaona watoto wakigombana nani apake chokaa jiwe la mbele kabisa, lile ambalo gari la mgeni litapita kando yake.

Kisha ngonjera.

Ngonjera tunazo Kenya pia, na nimewahi kufundisha moja kwa ajili ya Tamasha la Muziki, lile linalofanyika tangu 1927. Lakini kwetu, mara nyingi, ngonjera ni ya mashindano: kuna waamuzi, kuna alama, kuna kupanda ngazi kutoka wilaya hadi taifa. Ile niliyoikuta Temeke haikuwa na mwamuzi. Ilitungwa kwa ajili ya wazazi wale wale, shule ile ile, tatizo lile lile la mwaka ule. Hii ni asili yake, nadhani. Aliyeupa utanzu huu umaarufu ni Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, na aliukuza katika miaka ile ambayo washairi waliombwa wayafikishe mambo ya Azimio kwa wananchi. Majibizano ya ushairi yalikuwa dawa nzuri ya kazi hiyo: mmoja hajui au anapinga, mwingine anamweleza, mwishoni wanakubaliana.

Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, aliitunga yeye mwenyewe juu ya utoro. Wahusika ni Mtoro na Mwanafunzi. Utoro pale si hadithi. Tandika ni soko kubwa, na mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye ndoo ya maji ya chupa anaweza kurudi nyumbani jioni na pesa ya unga. Mvulana aliyepewa nafasi ya Mtoro alikuwa mmoja wao. Siku mbili tatu kwa wiki hakuonekana darasani, na kila mtu alijua yuko wapi.

Katika rasimu ya kwanza Mtoro alisema anauza maji ili apate hela ya kuchezea gemu. Mvulana aliusoma mshororo ule mara moja, akanyamaza, akaurudisha kwa mwalimu. "Mwalimu, hela siichezei mimi. Nampa mama." Mwalimu akamtazama. Akachukua kalamu, akahesabu mizani kwa vidole, akafuta, akaandika upya. Beti ile ikawa hivi:

Shule mimi siitaki, sokoni kuna neema,
Nauza maji na keki, nampelekea mama.

Na Mwanafunzi akajibu:

Rafiki rudi shuleni, utoro una gharama,
Leo pesa mkononi, kesho utaja kukwama.

Niliingiwa na wasiwasi. Nikamfuata mwalimu chini ya mwarobaini. "Mama, huoni sasa Mtoro anashinda? Nani atambishia mtoto anayemlisha mama yake?"

"Mwanangu," akasema, bila kuacha kupanga karatasi zake, "mtoro akisema upuuzi, nani atapoteza muda kumjibu? Wazazi watacheka, watakula pilau, wataondoka. Mwache aseme la kweli. Halafu Mwanafunzi atoke jasho."

Na Mwanafunzi alitoka jasho kweli. Beti zake zilibidi ziongezwe, na nusu yake akazitunga msichana aliyeichukua nafasi hiyo, kwa sababu jibu la mwanzo, la kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, lilionekana jepesi mbele ya mvulana yule. Akaja na hoja ya hesabu: kwamba muuza maji asiyejua kugawanya anapunjwa na mwenye duka la jumla kila siku, na hajui. Hiyo ilimgusa Mtoro mwenyewe. Nilimwona akikunja uso katikati ya mazoezi, anapiga hesabu.

Ndiyo maana nilikuwa upande wa mazoezi. Sijaona kipindi cha darasani kilichowafanya watoto wafikiri kwa kina vile kuhusu maisha yao wenyewe, wakipimana hoja kwa mizani kumi na sita katika kila mshororo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, elimu ya msingi Tanzania hutolewa bila ada wala michango ya lazima, na mwalimu mkuu haruhusiwi kumfukuza mtoto kwa sababu ya mchango. Watoto wameingia shuleni kwa wingi, na hilo ni jema lisilo na ubishi. Lakini maturubai, viti, spika, mchele, soda na keki havimo kwenye ruzuku ya serikali. Kamati ya shule inakaa na wazazi, wanakubaliana kiasi, na hapo ndipo maskini anapoumia. Nilisikia habari za shule ambayo wahitimu ambao wazazi wao hawakuchanga walikalishwa kando siku ya mahafali, na sahani haikuwafikia. Aliyenisimulia alikuwa shangazi wa mmoja wao, na alikuwa bado analia kwa hasira. Hilo ni kosa, na silitafutii udhuru wa bajeti. Mtoto amekaa miaka saba pamoja na wenzake; huwezi kumtenga siku ya mwisho kwa wali.

Kwetu kina mama wa kikoba cha mtaa, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana pesa, waliliziba pengo. Hawakutangaza. Walileta mchele na nyama usiku wa kuamkia sherehe, wakapika wenyewe kwenye masufuria makubwa nyuma ya ofisi, na sahani zikatoka zote sufuria moja. Mwalimu mkuu aliitunza orodha ya waliochanga na wasiochanga kwenye droo yake, na siku ile hakuna aliyeiona.

Kadi ya mwaliko ilisema saa tatu. Mgeni rasmi, mfanyabiashara wa mbao aliyesoma shule ile ile miaka mingi iliyopita, alifika karibu saa sita akiwa na diwani. Skauti wakasimama wima, mmoja akamvisha skafu shingoni, akapiga saluti, akarudi nyuma hatua tatu. Mshereheshaji akawataja wakubwa waliopo, akamalizia kwa "itifaki imezingatiwa", na wahitimu wakaingia kwa mistari miwili, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, mashada ya maua ya karatasi shingoni. Kina mama wakapiga vigelegele. Baba mmoja mbele yangu, mtu wa kubeba mizigo sokoni, alivua kofia na kuishika kifuani mpaka mstari ulipokwisha.

Ngoma zilikuwa za sehemu mbalimbali, maana Temeke ni ya watu wa kila mkoa. Sindimba ya Wamakonde ilichezwa na watoto wenye kanga viunoni na njuga miguuni. Mdundiko wa Wazaramo, wenyeji wa mji huu, uliwainua bibi waliokuwa wamekaa muda wote, na mmoja akaenda kumtunza mjukuu wake kwa noti aliyoibandika kwenye paji la uso. Darasa la sita waliomba singeli. Mwalimu wa nidhamu alikataa, wazazi wakaomba, akakubali moja tu, akasimama karibu na spika kuhakikisha maneno ni ya heshima. Singeli imezaliwa uswahilini Dar, na watoto hawa wanaicheza kwa kasi ambayo macho yangu yalishindwa kuifuata. Nafurahi kwamba alikubali. Mtoto aonyeshe pia kilicho chake, si cha babu tu.

Ngonjera ikapita. Mtoro aliposema "nampelekea mama", uwanja ulinyamaza, kisha mwanamke mmoja pembeni akasema kwa sauti "ni kweli", na wengine wakaitikia. Mama yake hakuwepo. Alikuwa kwenye genge lake. Jirani alirekodi kwa simu.

Palikuwa na msichana wa kujitolea kutoka Ujerumani aliyekuwa akisaidia darasa la awali. Alipiga picha za ngoma nyingi na nzuri. Ilipoitwa risala, wageni wengine walianza kunyoosha miguu na kutazama simu, kwa kuwa risala haina ngoma wala mavazi, ni mtoto na karatasi. Yeye akanisogelea akaniomba nimtafsirie. Nilifurahi sana. Nikamwambia, kama kuna jambo moja la kubeba kichwani leo, ni hili.

Dada mkuu alisimama mbele ya meza kuu. Karatasi ilikuwa ndani ya faili la plastiki ili upepo usiichezee. Mikono ilimtetemeka, sauti haikutetemeka.

"Ndugu mgeni rasmi," akaanza, kisha akawataja diwani, afisa elimu kata, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kamati, walimu, wazazi. Risala ina mpangilio wake, na watoto wanaujua: historia ya darasa, mafanikio, changamoto, shukrani, maombi. Alisema walianza darasa la kwanza wangapi, na wanahitimu wangapi. Idadi ya pili ni ndogo. Akaeleza tofauti: waliohama na wazazi wao, walioacha shule, na mmoja aliyefariki wakiwa darasa la tano. Akalitaja jina lake lote, na la baba yake, akaomba wote wasimame. Meza kuu ikasimama. Mfanyabiashara wa mbao, diwani, wote, kwa amri ya msichana wa miaka kumi na mitatu. Kisha akasema "ahsanteni, mnaweza kukaa", na akageuza ukurasa.

Changamoto ya kwanza: shule haina ukuta. Bodaboda zinakatisha uwanjani watoto wakicheza, na mwanafunzi mmoja alishavunjwa mguu. Ya pili: matundu ya vyoo hayatoshi. Hapo akakitaja kiwango cha serikali, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, akaeleza shule yao iko mbali kiasi gani na hapo. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niache kutafsiri kwa muda. Alisema wasichana hawana chumba cha kujisitiri wanapokuwa katika hedhi, hakuna maji ya bomba karibu na vyoo, na kwa hiyo wengine hubaki nyumbani siku hizo, na siku hizo zikijumlishwa kwa mwaka ni masomo mengi. Alilisema mbele ya baba zake wadogo, wajomba, shehe wa mtaa, mchungaji, na wavulana wa darasa lake. Hakuinamisha kichwa. Kukawa na ukimya mfupi, kisha makofi yakaanzia kwa wapishi nyuma ya ofisi, waliokuwa wameacha masufuria wakaja kusikiliza.

"Ndugu mgeni rasmi, naomba kuwasilisha."

Akatembea mpaka meza kuu, akapiga goti kidogo, akamkabidhi ile karatasi mkononi.

Mkono kwa mkono: hapo ndipo nguvu ya risala ilipo. Mgeni hawezi kusema hakusikia, kwa sababu anayo. Na hawezi kuondoka bila kujibu, kwa sababu kipengele kinachofuata kwenye ratiba ni hotuba yake. Mfanyabiashara yule alisimama, akasema alikuja na hotuba nyingine mfukoni ila ataiacha. Akaahidi saruji, mabati na mbao za vyoo pamoja na chumba cha wasichana. Diwani akaulizwa ukuta. Akasema utaingizwa kwenye vikao vya halmashauri. Harambee ikapigwa papo hapo, wazazi wakitoa elfu moja moja na elfu mbili mbili, mwenyekiti wa mtaa akiandika majina. Mtu asidharau elfu moja ya Tandika.

Baadaye, tukikusanya viti, mwalimu mkuu alinionyesha jalada ofisini kwake. Risala zote za nyuma zimo, kila mwaka na nakala yake. Mwalimu wa Kiswahili akianza kuandaa risala mpya na wahitimu, kazi ya kwanza ni kulifungua jalada hilo na kuangalia nini kiliahidiwa, na nani, na kimefika wapi. Watoto wenyewe wanatumwa kwenda kuhesabu madawati, kupima, kuuliza. Msichana niliyemsikia alivihesabu vyoo yeye mwenyewe, na kile kiwango alikipata kwa kumwuliza afisa afya wa kata.

Hofu yangu ni Januari. Mtoto huyu akiingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Nimetoka katika nchi inayofundisha kwa Kiingereza, nimekifundisha, na sina ugomvi nacho. Ila nimewaona vijana wa sekondari za jirani waliokuwa wasemaji hodari katika shule za msingi wakikaa kimya darasani mwaka mzima, wakinakili ubaoni. Natamani kila sekondari ya kata iwe na chama cha ngonjera na midahalo kwa Kiswahili, angalau jioni moja kwa wiki, ili ulimi ule usilale wakati Kiingereza kinajengwa. Haihitaji fedha. Inahitaji mwalimu mmoja na mti wenye kivuli. Na sasa ambapo sera mpya inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, mahafali yatakuwa ya watoto wadogo zaidi. Naomba walimu wasiseme kwamba wa darasa la sita hawawezi risala. Wanaweza.

Nimerudi Mombasa, nafundisha shule ya binafsi huku nikisubiri TSC, na darasa langu limeshaandika risala yake ya kwanza kwa bodi ya shule, juu ya maji ya kunywa. Mwalimu wa Kiswahili amestaafu lakini bado wanamwita kusaidia. Mwaka uliofuata alinitumia kwa WhatsApp picha za risala mpya, kurasa tatu za mwandiko wa mtoto. Vyoo vimejengwa na chumba cha wasichana kina mlango na komeo, na wamemshukuru mfanyabiashara wa mbao kwa jina. Mtoro wetu yuko kidato cha kwanza. Asubuhi shuleni, jioni sokoni. Kwenye kipengele cha changamoto, namba moja, wameandika ukuta, pamoja na tarehe ulipoahidiwa kufikishwa halmashauri.